Msiwasingizie wazee

Ndugu Mhariri,

Jumapili iliyopita mjukuu wangu alinisomea makala ya ukurasa wenu wa kimataifa, maana miwani yangu ilikuwa kwa fundi. Tulikuwa tumekaa barazani hapa Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, chai ya rangi ikitupoea mikononi. Alipofika kwenye aya inayosema kwamba vyama vya mrengo mkali wa kulia vinapanda Ulaya kwa kuwa Ulaya imejaa wazee, na kwamba wazee hao wakishaondoka duniani vijana watayaweka mambo sawa, nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia aniletee kalamu na daftari.

Nina miaka 70. Sikatai kwamba nimeguswa kwa ajili ya umri wangu. Lakini kilichonikalisha kitako kuandika ni kwamba hesabu yenu haikubali, na nina mtoto anayeishi ndani ya hesabu hiyo.

Nilifundisha hisabati shule za msingi kwa miaka 33. Sensa ya 1978 nilikuwa karani, ya 1988 karani tena, na ya 2002 nikawa msimamizi wa makarani. Ile ya 1978 ndiyo iliyonifunza kusoma watu kwenye karatasi. Nilipangiwa kambi mbili za wafanyakazi wa mkonge upande wa Muheza. Mchana najaza madodoso kaya kwa kaya, usiku nawasha kibatari nahakiki safu za umri. Kambi zile mbili zilifanana kama mapacha: wanaume wengi wa miaka 30 hadi 50, watoto tele, vikongwe wawili watatu. Ungeangalia safu ile peke yake ungesema ni watu wamoja.

Ila kambi ya kwanza korona yake, yaani kiwanda cha kusaga mkonge, ilikuwa inafanya kazi kutwa, singa zimeanikwa nyeupe hadi barabarani, na mimi nilipewa uji na kigoda kila nyumba. Kambi ya pili korona yao ilikuwa imesimama tangu mwaka wa nyuma. Kule niliulizwa nimetumwa na nani. Mzee wa makamo alinishika dodoso akaniambia, "Andika hapo kwamba wametuharibia hawa Warundi." Warundi wa kambi ile walikuwa kaya tatu. Nilikuwa nimetoka kuzihesabu mwenyewe asubuhi hiyo, na mmoja wao alikuwa fundi wa korona aliyekosa kazi siku ile ile aliyoikosa yule mlalamikaji. Umri ule ule, maneno mbalimbali kabisa. Tangu hapo safu ya umri siiamini ikija kwangu peke yake.

Sasa tuzitazame hesabu zenyewe. Mliandika zaidi juu ya Ujerumani, nami huko ndiko macho yangu yaliko. Chama chao cha mrengo huo mkali wa kulia, AfD, kilianzishwa mwaka 2013, na mwaka huo huo kikapata asilimia 4.7, hakikuingia bungeni. Mwaka 2017 kikapata 12.6. Mwaka 2021 kikashuka kidogo, 10 na ushei. Katika uchaguzi wa tarehe 23 Februari 2025 kikapata 20.8 na kuwa cha pili nchi nzima. Mpaka hapo tunakubaliana.

Nani walikipa? Wapigakura waliulizwa wanapotoka vituoni, kwa uchunguzi ule unaofanywa kwa ajili ya televisheni yao ya ARD. Waliovuka miaka 70 waliokipigia AfD walikuwa kama asilimia 10 tu, kundi la chini kuliko yote. Wenye miaka 35 hadi 44, watu wenye watoto shuleni na mikopo ya nyumba, ndio walioongoza, kama asilimia 26. Vijana wa 18 hadi 24 walikipa karibu asilimia 21, sawa na nchi nzima, mara mbili ya babu na bibi zao. Kwa wanaume kilipata karibu robo ya kura, kwa wanawake chini ya moja ya tano. Na kwa wafanyakazi wa mikono kilipata asilimia 38, kikakipita mbali chama kile cha wafanyakazi cha tangu enzi, SPD.

Halafu mkumbuke kwamba katika daftari la wapigakura la Ujerumani waliovuka miaka 60 ni zaidi ya asilimia 40, na walio chini ya 30 ni kama 13 tu. Kama wazee ndio wangekuwa wanakibeba chama hiki, kwa wingi wao kingekuwa kimeshaichukua nchi zamani. Wazee ndio waliokizuia. Nilimpa mjukuu wangu wa kidato cha pili swali hili kwenye karatasi, bila kumwambia ni la nini, akalipata kwa dakika nne.

Nitawatendea haki: Uingereza mna hoja. Katika kura ya maoni ya Juni 2016 ya kujitoa Umoja wa Ulaya, vijana wa chini ya miaka 25 kama saba katika kumi walitaka kubaki, na waliovuka 65 kama sita katika kumi walitaka kutoka. Labda mwandishi wenu alisoma hiyo akaifanya sheria ya bara zima. Ufaransa imekataa sheria hiyo. Mwaka 2022 Marine Le Pen, mgombea wa mrengo huo huo, alipata asilimia 41.5 katika duru ya pili ya uchaguzi wa rais, na waliomnyima kura kuliko wote ni waliovuka 70. Aliowapata kwa wingi ni wafanyakazi wa viwandani. Baba yake, mwaka 2002, aliishia kwenye asilimia 18 hivi. Katika miaka hiyo 20 wazee wengi wa Ufaransa wamezikwa, na kura zimezidi mara mbili.

Sasa niwaeleze kwa nini jambo hili linanikosesha usingizi.

Mwanangu wa mwisho ni muuguzi. Alisomea hapa nyumbani, akajifunza Kijerumani Dar es Salaam kwa miaka miwili huku akifanya kazi za usiku, na mwaka 2021 akaenda Ujerumani. Yuko Gera, mji wa mashariki katika jimbo la Thuringia, anahudumia wazee katika kituo ambacho sitakitaja. Kila Ijumaa baada ya Isha ananipigia. Kijerumani ninachokijua ni majina ya dawa na "Guten Morgen", lakini mji ule naujua mitaa yake kwa kuhadithiwa, kama mtu anavyoujua Unguja bila kuvuka bahari.

Septemba 2024, wiki ile ya uchaguzi wa jimbo, alikuwa anasubiri tramu alfajiri kwenda kazini. Vijana wanne walikuwa wanatoka kwenye starehe zao. Mmoja akamwambia arudi kwao, wakati wa kufungasha umefika. Akamtemea mate viatuni. Mwanangu alikuwa amevaa viatu vyeupe vya wodini. Alivisafisha kwa karatasi akapanda tramu, na alinisimulia baada ya wiki mbili, baada ya mimi kumuuliza mara tatu kwa nini sauti yake imepungua. Nilimuuliza yule kijana ni wa umri gani. Akasema, "Mama, hajafika ishirini."

Uchaguzi wenyewe ulikuwa tarehe 1 Septemba 2024. AfD ilipata asilimia 32.8 katika Thuringia, ikawa ya kwanza. Chama cha aina hiyo hakikuwa kimeshinda uchaguzi wa jimbo tangu Vita vya Pili vya Dunia. Vijana wa 18 hadi 24 walikipa kama asilimia 38. Kundi lililokipa kidogo kuliko yote ni lile lile, la waliovuka 70. Kiongozi wake wa jimbo, Björn Höcke, ni mwalimu mwenzangu, tena wa historia, na mwaka huo huo mahakama ilimtoza faini kwa kutamka jukwaani kaulimbiu ya wanamgambo wa Hitler. Mwalimu wa historia! Neno hili linanichoma kuliko mate yale. Mtoto wa watu anaweza kutema mate kwa ujinga. Mwalimu anajua anachokitamka.

Katika kituo anachofanyia kazi mwanangu yuko bibi wa miaka 91. Alikuwa mfumaji kiwandani. Kila asubuhi mwanangu akimvalisha soksi, bibi anamsahihisha Kijerumani chake, hasa zile "der" na "die" zao, hamruhusu kuondoka mpaka sentensi imenyooka. Alipopata habari za tramu, maana wauguzi wenzake walimwambia, hakusema neno la kumfariji. Aliomba shajala ya zamu, akaangalia siku za alfajiri za mwanangu, akampigia simu mtoto wa ndugu yake mwenye gari. Kwa miezi miwili mwanangu alikuwa anachukuliwa mlangoni kwake saa kumi na moja na nusu alfajiri. Huyo anayekuja kumchukua ana miaka 67.

Nisiwadanganye, yupo pia mzee wa kiume kwenye korido hiyo hiyo asiyekubali kuguswa na mwanangu, mpaka aitwe muuguzi mwingine. Umri haumtakasi mtu. Nasema tu kwamba haumhukumu pia.

Basi kama umri hautoshi, kipi kinachotosha? Ndugu Mhariri, nimeisikiliza Sauti ya Ujerumani kwa Kiswahili tangu ilipokuwa inatangaza kutoka Cologne, nimemuuliza mwanangu maswali mpaka amechoka, na kila nikisogea karibu na Gera naiona ile kambi yangu ya pili.

Gera mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa na watu zaidi ya 130,000. Leo wamebaki 90,000 na kitu. Ujerumani mbili zilipoungana mwaka 1990, viwanda vya mashariki vilifungwa kwa maelfu, vya nguo, vya mashine, na migodi ya urani iliyokuwa pembeni ya mji huo. Mtu aliamka akiwa fundi, akalala akiwa mzigo wa ofisi ya ajira. Waliokuwa na miguu wakaenda magharibi, na waliotangulia walikuwa wasichana waliosoma. Mpaka leo kuna wilaya za mashariki ambako wanaume vijana ni wengi kuliko wanawake vijana. Shule nazo zikaunganishwa, treni zikapunguzwa, duka la mkate likafungwa. Mtoto aliyezaliwa 2005 hakuiona kazi ya babu yake wala Ujerumani ile iliyogawanyika. Alichokirithi ni masimulizi ya mezani: tulikuwa na kitu, kikachukuliwa. Akishika simu yake anakutana na AfD kwenye TikTok, ambako chama hicho kiliwahi kufika na kukita kambi kabla vyama vingine havijajua mlango uko wapi. Uchaguzi wa Bunge la Ulaya wa Juni 2024 ndio ulikuwa wa kwanza Ujerumani nzima kuwapa kura wenye miaka 16. Miongoni mwa vijana wa chini ya 25, AfD ilipata karibu asilimia 16, sawa na iliyoipata kwa taifa zima. Waliotegemea kwamba utoto ungekuwa ngome, walijibiwa siku hiyo.

Sisi Tanga tunaijua hali hiyo kwa jina lake. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge. Ikaja nailoni, bei ikaanguka, mashamba yakabadilishwa mikono bila kutunzwa, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tunahangaika kufikisha tani 20,000. Nimeziona kambi za mkonge zikifa. Hufa kwa utaratibu. Kwanza duka la kambi linaacha kukopesha. Kisha mwalimu wa chekechea anahama. Kisha wasichana wanaondoka kwenda Dar es Salaam na Arusha, wavulana wanabaki wanakaa juu ya tanki la zamani la maji kutwa nzima. Sensa ya 2002 nilirudi mahali pale pale pa mwaka 1978. Kati ya zile kaya tatu za Warundi ilibaki moja, na mama wa nyumba hiyo aliniomba nimwandike Mbondei. Nilimwandika alivyotaka. Hakuwa na wa kumtetea, na niliogopa kumuuliza ni nini kilichomfikisha hapo.

Hayo hayakuwa maajabu ya Wajerumani wala ya wazungu. Hapa hayakuzaa chama kikubwa cha siasa, na namshukuru Mungu kwa hilo, lakini maneno yalikuwepo, na yalisemwa na watu ambao wenyewe walikuwa watoto wa manamba, wale vibarua wa mkataba walioletwa mashambani kutoka mbali. Mimi pia ni mjukuu wa manamba. Babu yangu mzaa baba alikuwa Mngoni, aliletwa kutoka Songea kukata mkonge akiwa na kibati cha namba shingoni, akaoa Mdigo, hakurudi. Mji wetu watu huutania "waja leo, waondoka leo", na nusu ya barabara hizi za Ngamiani zimejengwa na watu waliokuja wakakataa kuondoka.

Huko mashariki mwa Ujerumani nako walikuwapo manamba, jambo ambalo makala yenu haikuligusa. Serikali ya kikomunisti iliwaleta vijana wa Msumbiji kwa mkataba wa mwaka 1979, maelfu kwa maelfu, wakaishi mabwenini, sehemu ya mishahara yao ikakatwa kwa ahadi kwamba wataikuta nyumbani. Wengi wanaidai hadi leo. Ukuta ulipoanguka walikuwa wa kwanza kuachishwa. Septemba 1991 katika mji wa Hoyerswerda, jimbo la Saxony, umati ulishambulia bweni lao na nyumba ya wakimbizi kwa mawe na moto siku kadhaa, majirani wakishangilia barabarani, na mwisho waliohamishwa kwa mabasi ni walioshambuliwa. Kwa hiyo chuki ile haikungoja AfD ianzishwe. Na wale vijana waliorusha mawe mwaka 1991 leo wana miaka 50 na zaidi. Wengine wao ni baba wa wapigakura wapya.

Hapo naona ndipo hoja ya "wazee watakufa" inapovunjika kabisa. Inadhani ujana na uzee ni makabila, kila mtu na kabila lake tangu kuzaliwa. Kijana wa 1991 hakubaki kijana.

Thuringia hiyo hiyo ina historia. Januari 1930, kabla Hitler hajafikiriwa kuwa chansela, jimbo hilo lilikuwa la kwanza kumpa mtu wa chama chake uwaziri, Wilhelm Frick. Chama hicho mwaka 1928 kilikuwa na asilimia 2.6 ya kura za nchi. Septemba 1930 kikawa na 18.3, Julai 1932 kikapita 37. Miaka minne! Watu husema walikuwa wasio na kazi, na kweli walifika milioni sita mwaka 1932, lakini wasio na kazi wengi walikwenda kwa wakomunisti. Waliomfuata Hitler zaidi walikuwa wakulima wa Kiprotestanti, wenye maduka madogo, watumishi, watu wa miji midogo walioogopa kuanguka. Maeneo ya Wakatoliki yalimpa kura chache zaidi, kwa sababu walikuwa na chama chao, vyama vyao vya ushirika, na padri wao aliyewajua kwa majina. Palipokuwa na kitu kinachowafunga watu pamoja, palichelewa kubomoka. Hilo ndilo ningependa gazeti lenu lilichimbe: ni nani katika Gera bado anamjua jirani yake kwa jina, na ni nani ambaye kilichobaki kumjua kwa jina ni simu yake tu.

Marehemu baba yangu, akiwa mvulana wa jikoni kwa setla wa Kijerumani upande wa Lushoto, aliiona bendera ya Hitler imetandazwa mezani siku ya sherehe. Alituambia aliidhani kitambaa cha meza, akaweka sahani juu yake, akachapwa. Septemba 1939 Waingereza wakawakusanya wale masetla. Baba alikuwa na miaka 14. Kwa hiyo mtu asiniambie mambo haya ni ya mbali, tuyasome kisha gazeti tulifungie vitumbua.

Lipo na hili, nalipita haraka kwa kuwa linanihuzunisha. Wapo wahamiaji wanaozipigia kura siasa hizi. Ureno, chama cha Chega kimepata viti kutoka kwa Wareno walioko ughaibuni, watu ambao wao wenyewe ni wageni Ufaransa na Uswisi. Marekani, mwaka 2024, Donald Trump alipata kura nyingi za watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini kuliko alivyopata kabla. Yule mama wa Muheza aliyeomba nimwandike Mbondei angewaelewa kuliko mimi.

Mtauliza inatuhusu nini. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni pale Songea. Ndugu za babu yangu walikuwa miongoni mwa waliokimbia. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda pale pale Songea akaomba msamaha. Nilimwona kwenye televisheni, nililia. Mwaka huo huo makumbusho ya Berlin yalitangaza kwamba kwa vipimo vya vinasaba yamewapata ndugu walio hai wa baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa nchini kwetu. Sasa linganisheni: Desemba 2019 wabunge wa AfD walimwalika ndani ya bunge la Ujerumani profesa wa Marekani, Bruce Gilley, kuja kueleza mema ya ukoloni wa Kijerumani. Mema! Hapa Tanga tunapita kila siku mbele ya majengo yao, reli waliyoianza mwaka 1893, hospitali ile ya zamani ya Bombo, na tunajua mawe yale yalibebwa na nani. Pangani pale walimnyonga Abushiri Desemba 1889. AfD ikifika mahali pa kuunda serikali, nani atayajibu maombi ya Wachagga wanaokitafuta kichwa cha Mangi Meli, mtawala wao wa zamani? Na vijana wetu wanaojifunza Kijerumani leo ili wakahudumie wagonjwa watapokewa na nani?

Mei 2025 idara ya Ujerumani ya kulinda katiba ilikiweka chama hicho rasmi katika kundi la wenye msimamo mkali uliothibitika, chama kikakimbilia mahakamani, na idara ikasitisha kulitumia jina hilo kwanza. Septemba 2026 ndio uchaguzi wa majimbo mengine mawili ya mashariki. Hakuna anayengoja wazee wafe. Wenyewe wanahesabu kura za mwaka huo.

Naomba mrudi kwenye suala hili, na mkirudi mchapishe safu zote: kazi, elimu, jinsia, mahali, nani aliondoka na nani alibaki. Karibu watu milioni mbili waliokipigia AfD Februari hawakuwa wamepiga kura uchaguzi uliotangulia. Nendeni mkawaulize hao walikuwa wapi.

Nimalizie na siku ile ya uchaguzi, Februari 23. Mwanangu hana kura, si raia. Siku hiyo alikuwa zamu ya mapumziko, lakini bibi yule alimwomba ampeleke kituoni kwa kiti cha magurudumu, alikataa kura ya posta. Ilikuwa baridi. Alimsukuma mpaka mlangoni, msimamizi akampokea bibi, mwanangu akabaki nje mikono mfukoni. Waliokuwa kwenye foleni walimtazama, wengine wakamsalimu, wengine la. Bibi alipotoka hakusema amempa nani. Alisema tu kiti kisukumwe polepole, ana haja ya kuona mji.

Ijumaa iliyopita, mwanangu ananiambia, bibi huyo alimuuliza magazeti ya kwao yanasemaje juu ya watu wa Thuringia. Mwanangu aliahidi kumtafutia makala na kumtafsiria. Makala aliyoipata mtandaoni ni hiyo yenu. Nimemwambia asimsomee kwanza, asubiri, mama yake ameandika barua.

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga.